Kuingia kwenye dumu ya jadi na kuipitisha kwa wengine: mwongozo kamili

Metali ya dumu ni tawi la hevi metali, yaani roki nzito ya magitaa, linalokwenda polepole, lenye magitaa yaliyolegezwa nyuzi na nyimbo ndefu kuhusu hofu, majuto, kifo na imani. Tawi hilo lina vijitawi vingi. Mwongozo huu unahusu shina lake tu, yaani dumu ya jadi, inayofuata njia iliyofunguliwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1970. Humo mwimbaji anaimba kweli, hangurumi, na wimbo unasimama juu ya rifu, kile kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwarudiwa mpaka kikukae kichwani. Duniani huandikwa "traditional doom", na ndivyo utakavyoandika kwenye kisanduku cha kutafutia. Ukiandika "doom" peke yake utaletewa mchezo wa kompyuta.

Niseme mapema ninachokiamini. Muziki huu haupatikani vizuri kwa kuiachia simu ikuchagulie. Programu za muziki hupendekeza kile ambacho wengi wanasikiliza, na dumu ya jadi haijawahi kuwa na wengi. Imefika hapa ilipo kwa sababu mtu alimnakilia mwenzake kaseti akamwambia, "Hii isikilize." Kwa hiyo utaitafuta kwa kufuata watu, na ukishaipata utaigawa kwa mtu mmoja mmoja.

Hatua ya 1: Vifaa, bando na subira

Usianze na spika ya simu. Uzi mnene kuliko yote wa gitaa la besi hutoa sauti ya takriban hezi 41, na ukilegezwa nusu toni tatu hushuka hadi karibu hezi 35. Spika ya simu haifiki huko hata kidogo. Utasikia mkwaruzo wa gitaa na mtu anayelia juu yake, basi, na utaondoka ukiamini kuwa muziki wenyewe ni mwembamba. Hedifoni za waya zinazoziba sikio, hata za bei ya kawaida, zinatosha kabisa. Ukiwa na spika ya mezani, iweke mbali kidogo na kona ya chumba ili besi isivimbe. Na kile kitufe cha kuongeza besi kizime, maana humu besi imejaa tayari na ukiizidisha dramu zinazama.

Kuhusu bando, MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde hula karibu MB 2.4 kwa dakika, kwa hiyo albamu ya dakika 45 ni kama MB 108. Kwa kuwa albamu hizi husikilizwa mara nyingi kabla hazijafunguka, ni nafuu kuipakua mara moja kuliko kuisikiliza mtandaoni kila siku.

Kisha subira. Singeli hupita mapigo 200 kwa dakika, ilhali wimbo wa dumu unaweza kutembea kwa 60. Aliyelelewa na taarab asilia, ambako ala hucheza kwa kitambo kabla mwimbaji hajafungua mdomo, atazoea haraka kuliko rafiki yake wa singeli.

Hatua ya 2: Anza na Black Sabbath, lakini si kila kitu cha Black Sabbath

Hakuna njia ya mkato hapa: hii ndiyo bendi ya Birmingham iliyofungua njia. Albamu yao ya kwanza, yenye jina la bendi, ilitoka tarehe 13 Februari 1970. Wimbo unaoifungua, nao wenye jina hilohilo, unaanza na mvua na kengele, halafu linaingia gitaa lenye noti tatu. Ya kwanza iko chini, ya pili ni ileile oktava moja juu, na ya tatu inaangukia katikati kabisa ya hizo mbili, mahali ambapo sikio halipati pa kutulia. Bill Ward kwenye dramu hana haraka, anaacha nafasi kubwa kati ya pigo na pigo. Wimbo huo mmoja una karibu kila kitu ambacho bendi za dumu zimekuwa zikikifanya tangu siku hiyo, pamoja na ile tabia ya kwenda taratibu muda mrefu halafu kushika kasi mwishoni.

Inafaa kujua sauti hiyo ilitoka wapi. Tony Iommi, mpiga gitaa wao, alikuwa na miaka 17, akifanya kazi kwenye kiwanda cha chuma Birmingham, mashine ilipomkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Yeye hupiga kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo mkono ulioumia ndio wa kubana nyuzi. Aliona mambo yameisha. Msimamizi wake wa kazi akamletea santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa aliyekuwa akitumia vidole viwili tu kwa sababu mkono wake uliungua. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo akajitengenezea vifuniko vya vidole, akaweka nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza ili zisimuumize. Alichofanya yule msimamizi ni kumchagulia mtu mmoja rekodi moja iliyomfaa siku ile. Kazi hiyo ndiyo tutakayoifanya kwenye hatua ya 7.

Baada ya wimbo huo wa kwanza, nenda "Electric Funeral" na "Hand of Doom" kwenye albamu ya pili, Paranoid, ya 1970 pia. Kisha sikiliza Master of Reality ya 1971 yote. Kwenye baadhi ya nyimbo zake nyuzi zimeshushwa nusu toni tatu, na "Into the Void" inayoifunga ni somo zima la namna ya kuunganisha rifu moja na nyingine. Vol. 4 ya 1972 ni nyongeza nzuri. Zilizofuata zina mambo mazuri pia, lakini ukitafuta dumu ziache kwanza. Ozzy Osbourne, mwimbaji wao, alifariki tarehe 22 Julai 2025, wiki chache baada ya onyesho la kuaga katika uwanja wa Villa Park, kwenye mtaa wa Aston alikokulia, na tangu hapo mtandao umejaa orodha za "nyimbo zake bora". Nyingi ni za kazi yake ya peke yake, ambayo ni muziki mwingine.

Hatua ya 3: Jifunze kutofautisha

Ukitafuta dumu utachanganyiwa vitu vitatu vingine. Mwimbaji akinguruma kama mnyama, hiyo ni dumu iliyochanganyika na deth metali, na huko utakutana na My Dying Bride au Paradise Lost wa mwanzo, wote wa kaskazini mwa Uingereza. Wimbo ukiwa wa polepole kiasi cha kukufanya uangalie kama simu imekwama, na kinanda kikilia nyuma, hiyo ni dumu ya mazishi. Magitaa yakivuma kama nyuki, maneno yakiwa juu ya bangi na anga za mbali, umeingia upande wa Sleep na Electric Wizard. Sleep walirekodi wimbo mmoja wa zaidi ya saa nzima. Yote hayo ni mazuri kwa wakati wake.

Dumu ya jadi utaitambua kwa mambo matatu yakikutana: unaweza kuimba rifu kwa mdomo baada ya kuisikia mara mbili, mwimbaji ana sauti safi na anaeleza kisa au uchungu unaoeleweka, na kuna solo ya gitaa yenye wimbo ndani yake. Moja likikosekana si dhambi. Mawili yakikosekana, umetoka nje ya shina.

Hatua ya 4: Bendi nne za miaka ya 1980, na moja ya pembeni

Wapenzi wengi hutaja Pentagram, Saint Vitus, Trouble na Candlemass kama nguzo. Nakubali, ila sikubaliani na desturi ya kuzifuata kwa mpangilio wa miaka. Kwa msikilizaji wa Kiswahili ningeanza na Candlemass.

Candlemass ni wa Stockholm, Uswidi, na kiongozi wao ni mpiga besi Leif Edling. Albamu yao ya kwanza, Epicus Doomicus Metallicus ya 1986, ilitolewa na lebo (kampuni ya kutoa rekodi) ndogo ya Ufaransa na haikuuza. Mwimbaji wake, Johan Längquist, alikuja kurekodi tu kisha akaenda zake. Mwaka uliofuata aliingia Messiah Marcolin, mtu mnene mwenye nywele za timtim aliyevaa kanzu ya mtawa jukwaani na kuimba kwa mtetemo kama wa opera. Albamu waliyotoa naye, Nightfall ya 1987, ndiyo mlango ninaoupendekeza. Aliyezoea kwaya za kanisani, zenye sauti kubwa inayojaza jengo, hatahitaji kubembelezwa. Ndani yake kuna hata maandamano ya mazishi ya Chopin yaliyopigwa kwa magitaa. Ukishaipenda rudi kwenye ya kwanza, ambayo kwangu ni bora zaidi ingawa si rahisi kuingilika.

Trouble ni wa eneo la Chicago. Albamu yao ya 1984, inayojulikana kwa jina la Psalm 9, ina magitaa mawili ya Bruce Franklin na Rick Wartell yanayocheza pamoja kama mtu mmoja mwenye mikono minne. Eric Wagner, aliyefariki 2021, anaimba juu ya majaribu, toba na hukumu, na maneno mengi yametoka moja kwa moja kwenye Biblia. Anza na "The Tempter". The Skull ya 1985 ni nyeusi zaidi na ya polepole zaidi.

Saint Vitus wa Los Angeles ndio wagumu kupendeka. Gitaa la Dave Chandler linakwaruza vibaya, rekodi ni za bei nafuu, na kila kitu kinasikika kama kimelowa. Walikuwa chini ya SST, lebo ya punki, wakapiga muziki wao wa kukokota mbele ya vijana waliotaka kasi. Wimbo wenye jina la albamu yao ya 1986, Born Too Late, ni malalamiko ya mtu anayeambiwa nyimbo zake ni za polepole mno na kwamba zama zake zimepita. Usiisikilize siku ya kwanza. Isikilize ukiwa tayari umeshaambiwa hivyo na wenzako.

Pentagram wa Virginia ni kisa cha pekee. Bobby Liebling aliianzisha bendi 1971, akarekodi nyimbo kibao miaka ile, lakini albamu kamili haikutoka hadi 1985. Madawa ya kulevya na bahati mbaya vilimla miaka mingi, na filamu ya 2011 iitwayo Last Days Here inaonyesha hali yake bila kuificha. Albamu ile ya 1985, ambayo siku hizi huuzwa kwa jina Relentless, ni dumu ya jadi tupu. Rekodi za miaka ya 1970 zilikusanywa kwenye First Daze Here. Ndani yake kuna "Forever My Queen", wimbo wa dakika mbili na kitu tu, na utaona kwenye hatua ya 7 kwa nini ufupi huo una faida.

Ya pembeni ni Witchfinder General wa Stourbridge, Uingereza, na albamu yao Death Penalty ya 1982. Jalada lake ni la kipuuzi, la kumfedhehesha mtu kwenye daladala. Muziki wake ni Black Sabbath waliochangamka.

Swali ambalo nyumbani litaulizwa

Hii siyo hatua ya kutafuta muziki, lakini usipojiandaa nayo hutaugawa kwa mtu yeyote. Mama, shemeji au mwenzako wa chumba ataona msalaba na fuvu kwenye jalada na kuuliza kama hii ni nyimbo ya shetani. Usicheke, wala usijifanye mkali. Mjibu kwa mifano.

Wimbo ule wa kwanza wa Black Sabbath unamhusu mtu anayemwona kiumbe mweusi mbele yake na kumlilia Mungu amwokoe. Maneno mengi ya bendi yaliandikwa na mpiga besi Geezer Butler, aliyelelewa Mkatoliki, na "After Forever" ya 1971 inamtetea Mungu waziwazi. Misalaba waliyovaa ilitengenezwa na baba yake Ozzy. Trouble waliimba zaburi. Kwa jumla dumu ya jadi inamchukulia shetani kuwa kitu cha kuogopwa, na hapo inakaribiana na mahubiri kuliko watu wanavyodhani. Wapo wengine wanaocheza na uchawi kwa sifa, nao usiwatetee. Sema tu, "Hawa siwasikilizi," kama kweli huwasikilizi.

Hatua ya 5: Fuata uzi

Sasa unaziacha orodha za watu wengine, ikiwemo yangu, na kuanza kutafuta mwenyewe. Chombo kikuu ni Encyclopaedia Metallum, hifadhi ya bendi za metali inayojazwa na mashabiki tangu 2002, na ni bure. Tafuta bendi unayoipenda, kisha usiangalie albamu kwanza. Fungua sehemu ya wanamuziki. Kila jina lina orodha ya bendi nyingine alizopitia, na hapo ndipo uzi ulipo.

Chukua Scott Weinrich, maarufu kama Wino, aliyeimba kwenye Born Too Late ya Saint Vitus. Ukimfungua utakuta The Obsessed, bendi yake ya Maryland aliyokuwa nayo kabla na baada ya Saint Vitus. Utakuta pia Spirit Caravan na The Hidden Hand. Kumfuata huyo mmoja kunakufikisha Maryland, na Maryland ni mji mkuu wa dumu Marekani ingawa ni jimbo dogo: Iron Man, Internal Void, Unorthodox, Revelation. Ukiangalia nani alitoa rekodi zao mwanzoni mwa miaka ya 1990 utaona jina moja likijirudia, Hellhound, lebo ya Berlin, Ujerumani. Kwa hatua tatu umepata bendi saba na lebo moja, na simu isingekupa hata mbili.

Uzi mwingine: Robert Lowe aliimba Candlemass kuanzia 2007 hadi 2012. Alitokea Solitude Aeturnus wa Texas, na albamu yao ya 1991, Into the Depths of Sorrow, itakuonyesha kwa nini Wasweden walimfuata mbali hivyo. Kisha Längquist yule wa 1986 akarudi, na kwenye The Door to Doom ya 2019 aliyepiga solo ya wimbo mmoja ni Tony Iommi mwenyewe. Wimbo huo ukateuliwa kuwania Grammy.

Lebo nazo zina ladha. Rise Above ilianzishwa 1988 na Lee Dorrian wa Coventry, aliyekuwa mwimbaji wa bendi ya Cathedral. Siku hizi Cruz del Sur ya Roma na Shadow Kingdom ya Marekani ni mahali pazuri pa kuchungulia kila mwezi. Ukipenda rekodi mbili za lebo moja, ijaribu ya tatu bila kuuliza.

Kwenye hifadhi hiyo kuna pia utafutaji wa kina, ambapo unachagua nchi na kuandika aina ya muziki. Hapa utashangaa. Malta, kisiwa kidogo hivyo, kina Forsaken. Chile ina Procession. Ufini ilitoa Reverend Bizarre, walioanza na albamu ya 2002 na kuvunja bendi 2007, na ambao kwa maoni yangu hakuna waliowazidi karne hii kwa kushika jadi bila kuiga. Ukichagua Uganda utakutana na Vale of Amonition wa Kampala, wanaochanganya dumu na blaki metali, tawi jingine la metali lenye sauti za kukwaruza. Kwa hiyo si dumu ya jadi safi, lakini ni jirani zetu na wanastahili sikio lako. Nairobi ina wapenzi wa metali wa miaka mingi, ila wengi wanapenda kasi.

Kwa wapya wa Marekani jaribu Pallbearer wa Arkansas, hasa Sorrow and Extinction ya 2012 yenye nyimbo tano tu, na Crypt Sermon wa Philadelphia.

Hatua ya 6: Nunua kidogo, kwa akili

Bandcamp, tovuti ya kuuza muziki, ndiko bendi hizi zinakoishi. Kwenye ukurasa wa albamu unasikiliza kabla ya kulipa, na ukilipa unapakua faili ni lako. Kampuni huchukua asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, na kwenye Ijumaa maalumu walizoanza 2020 huacha fungu lao liende kwa wasanii. Ukitaka kununua, subiri siku hizo. Malipo ni kwa kadi au PayPal. Kenya, kadi pepe ya Visa inayofunguliwa ndani ya M-Pesa hufanya kazi hiyo. Kwingine, ulizia benki au mtandao wako kama wana kadi ya namna hiyo.

Chini ya kila albamu kuna vijipicha vya watu walioinunua. Wengi hawaviangalii, nami naona ndiyo hazina kubwa kuliko zote pale. Tafuta albamu ambayo si maarufu lakini wewe unaipenda, bonyeza kijipicha kimoja, na utaona kila kitu ambacho mtu huyo amenunua. Mtu aliyetoa fedha yake kwa bendi uipendayo amekufanyia nusu ya kazi. Enzi za kaseti ungeandika barua na kusubiri wiki kadhaa kupata orodha kama hiyo. Hivyo ndivyo Pagan Altar wa London walivyojulikana: walirekodi 1982, nakala zisizo rasmi zikazunguka kwa miaka, na rekodi yenyewe ikaja kutolewa rasmi 1998 kwa sababu tayari watu waliitaka.

Hatua ya 7: Kumpa mwingine

Kosa la kawaida ni kutuma albamu nzima, au mbaya zaidi orodha ya nyimbo hamsini, kwenye kundi la WhatsApp lenye watu 200. Hakuna atakayefungua. Mpe mtu mmoja wimbo mmoja.

Mchague kwa anachopenda sasa, si kwa anachopaswa kupenda. Anayependa roki ya kawaida mpe "Forever My Queen", ambayo itaisha kabla hajachoka. Anayependa kwaya mpe "Bewitched" ya Candlemass, kiitikio chake kinashikika mara ya kwanza. Mpiga gitaa mpe "Into the Void" na mwambie alegeze nyuzi nusu toni tatu, atakushukuru. Msomaji wa Biblia mpe "The Tempter". "Solitude", wimbo wa kwanza wa albamu ya kwanza ya Candlemass, ni mzuri kupindukia, lakini maneno yake ni ya mtu anayeomba kufa. Usimtumie aliyefiwa au aliye katika kipindi kigumu. Akitumiwa na mwingine na akaupenda, mpigie simu umsikie hali.

Tanguliza ujumbe wa sauti wa nusu dakika kabla ya kiungo. Sema bendi ni ya wapi, mwaka gani, na kitu kimoja cha kusikiliza: "Sikiliza dramu zinavyochelewa," au "Subiri solo ya mwisho." Kitu kimoja tu. Ukimweleza vitano atakuwa anafanya mtihani. Tuma kiungo cha ukurasa wa bendi badala ya faili, isipokuwa bendi yenyewe imeutoa bure. Na usimuulize "umesikiliza?" siku ileile.

Maneno ya nyimbo yaeleze kwa Kiswahili chako, mistari miwili ya kisa, usijaribu kutafsiri neno kwa neno. Ukiandika maoni mtandaoni, jizuie kusema "nzito" kila sentensi. Sema gitaa linafanya nini, mwimbaji anasimama wapi, wimbo unabadilika wakati gani. Taja albamu ambayo msomaji aende nayo baada ya hiyo.

Hatua ya 8: Kikao cha kusikiliza

Watu wanne ni wengi wa kutosha. Besi hupenya kuta kuliko sauti ya juu, kwa hiyo mwambie jirani mapema, na maliza kabla ya saa nne usiku. Cheza nyimbo tano au sita, jumla isizidi dakika 40. Anza na fupi, ya pili iwe ile ya 1970 yenye mvua na kengele, ili wajue kila kitu kilitoka wapi, kisha Trouble, Candlemass, na bendi moja mpya ya karne hii. Simu mezani, hakuna kuruka wimbo, lakini anayetaka kutoka nje atoke bila kuulizwa. Kati ya wimbo na wimbo acha watu wazungumze, na wewe usihutubie. Mwishoni kila mtu achague mmoja aliotaka kuurudia, na huo ndio uuchezeshe tena. Utashangaa mara ngapi wanachagua Saint Vitus, yule uliyemwogopa, hivyo muweke akiba.

Walioko Ulaya na Marekani wana nafasi ambayo sisi hatuna, yaani matamasha kama Hammer of Doom mjini Würzburg, Roadburn mjini Tilburg, Maryland Doom Fest mjini Frederick. Ukienda, beba viziba masikio. Meza ya bidhaa iendee mapema, maana nguo za saizi za kawaida huisha kwanza, na mara nyingi anayeuza ni mpiga besi mwenyewe. Mwambie umetoka wapi na uliwajuaje. Kwa aliyebaki nyumbani, Bandcamp huruhusu aliyenunua kuacha maoni mafupi chini ya albamu na kutaja wimbo anaoupenda. Yaandike kwa Kiswahili.